Kumbukumbu ya mradi: taa za Noeli kwenye nyumba ya mbao, Goma

Mwisho wa Novemba

Mwaka huu taa za Noeli nyumbani kwetu nazipanga kama kazi ya umeme tangu mwanzo. Nyumba yetu ni ya mbao, juu manjanja (mabati ya paa), chini mawe ya volkeno, na kati ya ukuta wetu na ukuta wa jirani mtu hupita ubavu. Moto ukishika kwetu, safu nzima inaungua. Ndiyo sababu naandika kila hatua. Wenye nyumba kama yetu ni wengi hapa Goma, na mafundi wanaokueleza kwa nini wanafanya wanachofanya ni wachache.

Nataka vitu vitatu: girlandi (waya ndefu yenye taa ndogo ndogo) kwenye mti, sebuleni, mwanga ndani ya pango la Noeli, ambalo watoto hulijenga kwa mawe barazani, na mstari wa taa mbele ya nyumba, chini ya paa. Viwili vya mwisho viko nje, na Desemba yetu ni mvua.

Nimemwaga sanduku la mapambo mezani na kupitisha kila waya mkononi polepole, bila kuichomeka. Mbili zimetafunwa na panya, hizo hazirudi sandukuni. Iliyonisimamisha zaidi ni girlandi ya zamani, ya balbu ndogo zinazopata joto. Balbu zake zimeungwa moja baada ya nyingine, volti 220 zinagawanyika kati yao, kila moja inapata chache tu. Kwa hiyo watu hudhani girlandi nzima haina nguvu. Chomoa balbu moja uone: zote zinazimika, lakini zile 220 zote sasa zimesimama kwenye tundu tupu. Kidole cha mtoto kikiingia hapo kinakutana na umeme kamili wa prizi (soketi ya ukutani). Nimeikata fishi (plagi) kabla ya kuitupa, maana vitu vya jalalani hapa mtaani huokotwa vikatumika tena.

Za LED hazipati joto sana na zinakula wati chache, kwa hiyo watu huziamini. Lakini nyingi za bei ya chini, zile zenye kisanduku cha kubadilisha miwako, hazina transfoma ndani. Umeme wa prizi unanyooshwa tu na kutumwa kwenye waya, na ukigusa shaba iliyochubuka umegusa 220. Zipo nyingine zenye adapta kwenye fishi, imeandikwa 24 V au 31 V upande wa kutokea. Hiyo ndiyo nimenunua kwa ajili ya mti, ingawa bei yake iko juu kidogo.

Wiki ya kwanza ya Desemba: paa

Fundi alipofika nilikuwa nimeshasimamisha ngazi. Akanizuia: «Papa, usipande bado. Kwanza niulize manjanja kama yana umeme.» Akapima kati ya paa na ardhi. Hakuna kitu. Ndipo tukapanda.

Swali lake lina maana kubwa kwa nyumba zetu. Kabo (waya nene inayoleta umeme nyumbani) huingia chini ya manjanja, upepo unatikisa paa, na ukingo wa bati unakata ganda la waya kidogo kidogo. Siku shaba ikigusa bati, paa lote linakuwa na umeme. Disjonkta ya kawaida (swichi inayojikata yenyewe ampia zikizidi) haikati, kwa sababu mbao kavu haziupeleki umeme ardhini kiasi cha kutosha. Paa linakaa hivyo, kimya, hadi mtu mwenye miguu iliyolowa aliguse. Mara nyingi mtu huyo ni mama anayeanika nguo, kwa sababu kamba ya nguo ni waya ya chuma iliyofungwa kwenye msumari wa paa. Ya kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Tumeitoa, tumeweka kamba ya nailoni kutoka nguzo hadi nguzo, mbali na paa.

Pale kabo yetu inapoingilia, ganda la nje lilikuwa limelika, shaba bado haijaonekana. Tumebadilisha kipande hicho na kukipitisha ndani ya tiyo (bomba) ya plastiki. Darini tumekuta viungo vya kusokota na skochi (utepe wa kubandika). Kiungo kilicholegea hupata joto na kutoa cheche, na disjonkta haioni kosa lolote kwa kuwa ampia hazijazidi. Sasa vyote viko kwenye domino (viunganishi vya kukaza kwa skrubu), ndani ya visanduku vilivyofungwa.

Ardhi isiyo na udongo

Hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu: kuweka waya ya ardhi, ile inayopeleka udongoni umeme uliovuja. Mtaa wetu umekaa juu ya lava iliyoshuka kutoka volkeno ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Fimbo ya shaba huwezi kuipiga nyundo ikaingia kwenye jiwe hilo, na hata ukitoboa, jiwe kavu lenye matundu halipitishi umeme vizuri. Fundi akachagua pembe ambayo tulishaijaza udongo ili tupande lengalenga (mchicha), ambako pia maji ya paani hudondoka. Akachimba mfereji mpaka kwenye mwamba, akalaza waya ya shaba tupu, akafunika kwa udongo uliochanganywa na makaa yaliyosagwa. Kipimo cha ardhi alichoazima kikasoma omu mia tatu na zaidi; omu zikiwa nyingi, ardhi inauzuia umeme zaidi.

Kwa vitabu vya umeme vinavyofuata kanuni za Ufaransa, namba hiyo ni mbaya. Volti 50 ndicho kikomo kinachokubaliwa kwa chuma ambacho mtu anaweza kukigusa mahali pakavu. Diferansieli (swichi inayokata umeme ukivuja) kubwa ya miliampia 500, ile ya kwenye kompta (mita ya umeme), inadai ardhi isiyozidi omu 100: gawa volti 50 kwa ampia 0.5. Lakini gawa 50 kwa 0.03 na unapata omu zaidi ya 1,600. Maana yake, ukiweka diferansieli ya miliampia 30, hata ardhi dhaifu kama ya kwetu inatosha kuifanya ikate. Nilimwomba fundi arudie hesabu hiyo mbele ya mke wangu, na hapo tukakubaliana fedha za mapambo mapya ziende kwenye diferansieli.

Chombo hiki kinalinganisha umeme unaotoka kwa fazi na ule unaorudi kwa netro. Ikionekana sehemu ndogo hairudi, umeme umepata njia nyingine, labda mwili wa mtu, na kinakata kabla theluthi moja ya sekunde haijaisha. Hata mahali pasipo waya ya ardhi kinafanya kazi, ila hapo kinasubiri mpaka mtu aguse. Na kuna visa ambavyo hakivioni kabisa: mtu aliyeshika fazi kwa mkono mmoja na netro kwa mwingine akiwa juu ya mbao kavu, au kiungo kinachochemka darini. Ndiyo maana paa lilitangulia.

Binti yangu mkubwa ndiye mwenye kazi ya kubonyeza kitufe cha T, cha kujaribu diferansieli, kila mwanzo wa mwezi, umeme ukiwepo. Pia anajua kwamba mtu akinaswa, hashikwi kwa mkono. Disjonkta inashushwa kwanza.

Nje: volti 12 tu

Uamuzi wangu mkubwa ni huu: 220 haitoki nje ya ukuta. Taa zote za nje zinakula betri ya volti 12, ile ile inayotupa mwanga wakati wa delestaji (mgao wa umeme).

Hesabu yake ni nyepesi. Utepe wa LED wa mita 5, wati 4.8 kila mita, unafanya wati 24, yaani ampia 2. Ukiwaka kwa muda wa saa nne kila jioni, ni ampia-saa 8, na betri yetu ina 40. Asubuhi paneli ya jua inarudisha.

Volti 12 hazimrushi mtu, lakini betri si kitu cha kuchezea. Ncha zake mbili zikikutana kwa waya, zinaweza kusukuma mamia ya ampia, na waya nyembamba inakuwa nyekundu kwa sekunde chache, ikiwa imelala juu ya ubao. Kwa hiyo fyuzi ya ampia 5 iko karibu kabisa na ncha ya chanya. Nimeona nyingine zikiwekwa mwisho, kwenye taa, na pale hazilindi waya iliyo kati. Betri yenyewe iko kwenye kibanda chenye hewa, si chumba cha kulala, kwa sababu betri ya risasi na asidi hutoa gesi ya hidrojeni inapochajiwa, na gesi hiyo inawaka.

Utepe niliununua uliofunikwa kwa silikoni, wa IP65, yaani hauingizi vumbi wala maji ya kurushwa. Niliukunjua wote kabla ya kuujaribu, maana ukiwashwa ukiwa kwenye gurudumu lake joto halina pa kutokea. Umeshikwa kwa vibanio vya plastiki. Stepla na misumari ya kukunja sitaki kuziona karibu na waya. Kila kiungo kimeachiwa mkunjo kuelekea chini, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya hadi ndani.

Tarehe 14 Desemba: pango na mti

Watoto wamejenga pango zuri kuliko miaka yote, mawe meusi yamepangwa bila udongo, na ndani wametandaza nyasi kavu. Zamani tulikuwa tunaweka mshumaa humo. Sasa kuna kipande kifupi cha utepe ule ule, kimebandikwa juu ya jiwe, mbali na nyasi. Walitaka pamba iwe theluji. Tumekubaliana karatasi nyeupe, na isiguse taa.

Mti ni tawi la sipre. Limesimama kwenye ndoo ya mchanga uliolowa, na kila asubuhi mmoja wao anamwagilia. Sipre iliyokauka inashika moto na kuumaliza mti wote kabla hujafika mlangoni, kwa hiyo sindano zikianza kudondoka ukiligusa, linatoka nje hata kama Noeli haijafika. Zile nyuzi za rangi ya fedha hazipo mwaka huu, zinapitisha umeme.

Majaribio

Jioni ya kwanza tuliwasha vyote na kukaa navyo. Baada ya saa moja nilipitisha mkono juu ya adapta na ukuta wa mbao nyuma yake. Adapta vuguvugu, ukuta baridi. Kisha umeme ukaenda, kama kawaida. Sheria yetu ni kuchomoa mti hapo hapo na kusubiri dakika chache umeme ukirudi, kwa sababu unaporudi huja na kishindo na ndipo adapta nyingi hufia. Nje taa ziliendelea kuwaka.

Mama jirani akatoka, akasimama akitazama. «Papa, hizi zenu hazipigi?» Nikamwambia, «Shika, Mama.» Akashika utepe kwa vidole viwili, kisha kwa kiganja. Akauliza bei ya diferansieli, nikamwambia pia habari ya fyuzi. Jumamosi fundi anaanza kwake, kwa kupima manjanja na kuondoa waya ya nguo.