Airstream ya zamani: anzia kwenye bampa ya nyuma
Karavani ya Airstream ya miaka ya 1970, nyumba ya alumini ya Kimarekani inayovutwa na gari, hung'aa vizuri, ila mng'ao hausemi lolote kuhusu sakafu. Kabla ya kuinunua, kanyaga bampa ya nyuma, mwenzako akiangalia. Ikishuka peke yake huku bodi imetulia, plaiwudi ya sakafu imeoza na bodi imeachana na fremu. Ndani, chokoa pembezoni kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, achana na karavani hiyo.

Ekseli yake hutegemea mpira, si springi. Mpira ukishakauka, karavani hudundadunda mpaka ribiti zinazoshika mabati ya bodi zinakatika.

Asilimia 10 hadi 15 ya uzito hulalia ndoano ya gari. Karavani ya kilo 2,000 ikishapakiwa hukandamiza kwa kilo 200 hadi 300, nazo hukatwa kwenye uzito uleule ambao gari linaruhusiwa kubeba, pamoja na watoto na mizigo. Hapo ndipo familia nyingi hukwama.