Jicho limerudi ndani, ukope bado uko juu

Miezi mitatu baada ya kupasuliwa tundu la jicho, yaani shimo la mfupa linaloshika jicho, hapa Nairobi kwa sababu ya jicho lililotokeza, nilijitazama kwenye kioo nikaona kwamba jicho langu la kulia lilikuwa limerudi ndani, lakini ukope wa juu ulikuwa umebaki pale pale. Ndani ya matatu bado niliulizwa kwa nini ninawakodolea watu macho, na anayekodolewa macho huona amedharauliwa. Swali hilo liliniumiza kuliko kidonda.

Wengi wanaijua tezi ya shingo kwa sababu ya rovu. Ugonjwa wangu wa tezi, ambao Robert Graves wa Dublin aliueleza mwaka 1835, hufika hadi machoni: kinga ya mwili huyashambulia mafuta na misuli iliyo nyuma ya jicho, vyote vikavimba, na kwa kuwa tundu limezungukwa na mfupa, jicho husukumwa mbele. Mpasuaji huondoa sehemu ya mfupa huo, pengine na mafuta, ili jicho lipate nafasi.

Nilidhani jicho likirudi, ukope ungeshuka nao. Sivyo. Msuli unaouinua ukope wa juu nao huugua, hukakamaa na kuendelea kuuvuta, hasa upande wa nje, ambako ukingo wake hubaki umeinuka isivyo kawaida. Ukope wa mtu mzima wa afya hufunika milimita 1 au 2 za juu za duara jeusi la jicho. Wangu uliacha weupe ukionekana juu yake. Ukope wa chini, kwa bahati nzuri, mara nyingi hupanda kiasi jicho linapoacha kuusukuma. Wangu ulipanda, nami nikaanza kulala bila kuamka alfajiri macho yakiwasha kama yaliyotiwa mchanga.

Ndiyo sababu kope hutengenezwa mwisho. Tundu hutangulia, kisha misuli inayozungusha jicho ikiwa mgonjwa anaona vitu viwili viwili, kwa maana kila hatua yaweza kubadilisha kimo cha ukope, na aliyeanza na kope huenda akalazimika kupasuliwa upya.

Haya niliyajua baadaye, wakati daktari mwingine alipoweka rula mbele ya jicho langu na kunionyesha, milimita kwa milimita, ni kiasi gani kilichosababishwa na mfupa na ni kiasi gani cha msuli. Ningetamani sana kuonyeshwa rula hiyo kabla ya kutia sahihi fomu ya kwanza ya kukubali kupasuliwa.