Jinamizi Linapokukaba Baada ya Daku

Macho yako wazi. Boriti unaiona, muadhini unamsikia, chandarua kinacheza kwa feni, lakini mkono hauinuki na sauti haitoki. Kifua kizito, na penye mlango kuna mtu kasimama. Hilo ndilo jinamizi. Unguja na Pemba wanaolipata ni wengi kuliko wanaolisema, kwa kuogopa kuambiwa wana shetani au wameanza wazimu.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na ndani ya kila mzunguko mna usingizi wa ndoto, mrefu zaidi kadiri alfajiri inavyokaribia. Wakati huo shina la ubongo hulegeza misuli ya mwili ili mtu asiinuke akaifuata ndoto yake. Macho hubaki huru, na ule msuli mpana wa chini ya mapafu huendelea kuvuta pumzi. Sasa, akili ikiwahi kuamka mwili ukiwa bado umefungwa, ukitaka kuvuta pumzi ndefu misuli ya mbavu haitii. Ndipo unapohisi umekaliwa. Yule wa mlangoni ni ndoto iliyobaki, imekaa ndani ya chumba cha kweli. Chumba kipo, mtu hayupo, na jicho linaviona vyote pamoja. Kwa hivyo usimwambie mtu "uliota tu". Alichokiona amekiona.

Ramadhani hali hii huweza kuzidi, na sababu iko wazi: mtu amelala saa sita usiku, ameamka saa tisa kula daku, amesali Alfajiri, kisha amejitupa chali mpaka saa tatu. Usingizi uliokatwa ukirudishwa asubuhi huingia upesi kwenye ndoto, na kulala chali huzidisha. Kahawa chungu ya barazani baada ya Isha nayo imo. Nusu ya nguvu yake huweza kuwa bado mwilini saa tano baadaye.

Mwaka 1995, popobawa, pepo anayesemwa kuwavamia watu usiku, aliposemwa kila kijiji, watu walikesha nje kwa makundi wakiota moto. Woga ule ulikuwa wa kweli. Lakini kukesha ndiko kunakoleta jinamizi, na kila aliyekabwa alithibitisha habari za jirani yake. Mjini Unguja umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kumdhania ndiye. Hilo halifai kusahauliwa.

Likikukaba, usishindane nalo kwa mwili mzima. Kadiri unavyojikukurusha ndivyo hofu inavyopanda. Chezesha kidole kimoja cha mguu, au ulimi, na pumua kwa tumbo pumzi fupi fupi. Anayesoma Ayatul Kursiy moyoni na asome, maana akili hupata pa kushika. Huachia ndani ya sekunde chache, mara nyingine dakika moja au mbili. Aliye karibu akuguse bega na kukuita jina. Ukishaachiwa kaa kitako, washa taa, kisha lala ubavu. Ukirudi chali papo hapo, mara nyingi linarudi.

Maradhi ya akili huja kwa sura nyingine. Mgonjwa husikia sauti saa sita mchana, yuko sokoni, na ukimuuliza hasemi "lilinijia usingizini". Anashikilia kuwa redio inamsema yeye. Au halali siku tatu na hachoki, anagawa pesa, maneno hayamwishi. Mwingine hupitiwa na usingizi mchana kila siku, na akicheka sana magoti humlegea. Huyo ana maradhi ya usingizi, si wazimu. Wote hawa wapelekwe hospitali: Unguja ipo ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, na Pemba anzieni hospitali iliyo karibu. Kombe, yaani aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa, na dua havizuii vidonge. Mganga anayekwambia uache vidonge ndiye wa kumkimbia. Nendeni na karatasi ya wiki mbili iliyoandikwa saa ya kulala, ya kuamka, na yaliyotokea katikati. Daktari ataanza kuuliza hayo hayo.