Mradi wa kompyuta za steshenari: diski inayokaguliwa kila ikiwashwa

Jumatatu. Kompyuta ya mezani ya steshenari ya Ng'ong'ona imerudi kwangu. Linux (mfumo endeshi niliouweka) imekaa vizuri, printa inatoa, ila inachelewa mno kuwaka, na asubuhi ndipo wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanapojaa na flashi zao. Dada mwenye duka alisema, "Kaka, wateja wanahamia kwa jirani, mimi natazama nembo inazunguka tu."

Nembo hiyo ndiyo niliyoitoa kwanza. Kwenye mstari wa GRUB, programu inayoanzisha Linux, nilifuta `quiet splash` (maneno yanayoficha maandishi nyuma ya nembo), maandishi yakaanza kushuka: fsck, programu ya kukagua mpangilio wa mafaili, inakagua patisheni (sehemu ya diski) ya data, asilimia zinapanda kwa kujivuta. Patisheni yenyewe ni ext3, mfumo wa kupanga mafaili wa siku nyingi, tuliiacha ili mafaili ya wateja yasiguswe.

Jumatano. Watu wengi wangesema ni umeme kukatika. Siafiki. Ext3 ina jarida linaloandika mabadiliko kabla hayajakamilika. Kompyuta ikizimika ghafla, fsck husoma jarida, humalizia kilichobaki na kuendelea baada ya sekunde chache. Diski nayo nimeipima kwa smartctl, programu ya kusoma afya ya diski, haina sekta zinazosubiri kubadilishwa.

Jibu limeanza kuonekana kwenye `tune2fs -l`, amri inayoonyesha mipangilio ya patisheni: muda kati ya ukaguzi ni sekunde 15552000, yaani siku 180. Patisheni za zamani zilitengenezwa hivyo. Tangu e2fsprogs (kifurushi cha programu za ext, ikiwemo tune2fs) toleo 1.42 la mwaka 2011, mpya hazipewi muda huo. Lakini siku 180 si kila siku. Nikazima kwenye soketi, nikawasha: ujumbe unasema tarehe ya ukaguzi wa mwisho iko mbele ya leo. Intaneti ikarekebisha saa, nikaiwasha upya: sasa inadai imekaa siku nyingi mno bila kukaguliwa!

Hapo nikafungua boksi, nikapuliza vumbi (kiangazi cha Dodoma hakiachi kitu), nikatia mita kwenye betri ya CR2032, inayoendesha saa kompyuta ikiwa haina umeme. Inatakiwa volti 3, hii haifiki hata 2. Dukani wakifunga wanashusha swichi kubwa, saa ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inarudi miaka nyuma. Asubuhi fsck inakagua na kuandika tarehe ya uongo. Saa ikishasahihishwa, kuwasha kunakofuata inaona miaka imepita, inakagua tena na kuandika tarehe ya kweli. Kesho yake saa imerudi nyuma, mzunguko unaanza upya.

Ijumaa. Betri mpya kutoka duka la karibu na soko la Majengo. Nimeweka saa sawa kwa `hwclock --systohc`, nikaacha ukaguzi mmoja uishe wote, kisha nikachomoa waya usiku kucha. Imewaka bila ukaguzi wowote.

Kijana wa dukani alikuwa ameshauri tuweke 0 kwenye tarakimu ya mwisho ya mstari wa patisheni hiyo kwenye fstab (faili la orodha ya patisheni), isikague kabisa. Nimemkatalia, na nimemweleza kwa nini: humo mna kazi za wanafunzi, na jarida halikamati kila hitilafu. Imebaki 2, yaani ikaguliwe baada ya patisheni ya mfumo, siku 180 nazo zimebaki.

Wiki ijayo nahamishia data kwenye diski ya nje, niiumbe patisheni upya kwa ext4, mrithi wa ext3. Fsck yake huruka sehemu za jedwali la faili ambazo hazijatumika, hivyo hata siku ya ukaguzi dada hatasubiri sana.