Mfundisha mbwa, Tanga: siku moja maishani mwangu

Saa 11 kasoro, alfajiri. Maini nilichemsha jana usiku, sasa nayakata vipande vya ukubwa wa punje ya muhindi. Kipande kikiwa kikubwa mbwa anakitafuna mpaka anasahau amesifiwa kwa lipi, halafu anashiba mapema na kazi inaishia hapo. Kopo la maini, kamba ndefu, na mfuko wa nguo safi ambazo hazigusi mbwa.

Hizo nguo zina sababu. Mimi ni Mwislamu, na hapa Ngamiani watu huniuliza hilo kabla ya kuuliza bei. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa na majimaji yake huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Basi naosha. Mkono mkavu kwenye manyoya makavu hauna neno. Na mbwa wa kuwinda aliyefundishwa ametajwa kwenye Kurani yenyewe, Al-Maida aya ya 4. Wazee wa kahawa wanaijua aya hiyo kunishinda, lakini nikikaa barazani bado wanasogea. Napata nafasi ya kunyoosha miguu.

Saa 12 niko juu ya baiskeli. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na joto la Tanga likishachanganya, hafundishiki. Lami nayo inamuunguza nyayo.

Chumbageni nina mtoto wa mbwa wa miezi 2. Tulikaa getini tu: bodaboda ikipita, kipande; mama mwenye buibui akipita, kipande; muuza samaki na kengele yake, kipande. Umri huu ndio anaoamua dunia ina amani au haina. Mwenye nyumba aliuliza chanjo ya kichaa cha mbwa, nikamwambia akifika miezi 3 ampeleke kwa daktari wa mifugo, kisha kila mwaka.

Saa 2, Raskazone. Hapa ndipo siku ilipokwamia.

Mteja ni mzee wa biashara, ana mbwa mkubwa mwenye damu ya Kijerumani, mchana mnyororo, usiku anafunguliwa. Lalamiko lake: mbwa akiitwa haji. Akanionyesha. "Njoo!" Mbwa akaingia uvunguni mwa gari na kujikunja. Mzee alipoingia ndani, mlinzi akaninong'oneza kwamba mbwa huyo alitafuna kiatu, bosi akamwita, akaja vizuri kabisa, akachapwa kwa kipande cha mpira wa maji. Kwa hiyo mbwa ameelewa. Anajua "njoo" maana yake ni mpira. Neno hilo limeshaharibika, nikaamua tutatumia mluzi.

Nikageuza ndoo, nikakaa ubavu, simtazami. Kule uvunguni anajilamba midomo, anapiga miayo, masikio nyuma. Wasiojua husema ana njaa na usingizi. Ni hofu ile. Akigeuza tu kichwa kwangu nasema "safi" na kurusha kipande. Sifa itoke palepale, maini yafuate kabla hujameza mate. Ukichelewa umeshasifia jambo jingine.

"Fundi, mbona umekaa tu?"

"Namfundisha, mzee."

"Unamfundisha nini hapo?"

"Kwamba mimi sina ubaya naye."

Hakucheka. Akatoa simu, akampigia mtu, akaongea kwa sauti ya kunifikia: nimeleta jamaa hapa anamlisha mbwa maini, mimi mwenyewe leo nimekunywa chai kavu.

Mbwa akatoa pua. Akatoa mguu, wa pili, kifua. Dereva akapiga honi getini, mbwa akarudi uvunguni mzima. Tukaanza upya. Kivuli cha mwembe kikanihama, mgongo ukaanza kunidai, na huyu mzee kila akitoka anatazama saa yake. Watu wanalipa kwa furaha wakiona fundi anatoka jasho na kupiga kelele. Kumlipa mtu aliyekaa kwenye ndoo kunawauma, wakati kule kukaa ndiyo kazi yenyewe.

Halafu uvumilivu ukamwisha. Akainama, akashika mkanda wa shingo, akavuta. Mbwa akanguruma. Mzee akachukua mpira wake. Asubuhi nilimwamkia shikamoo. Sasa nilimwambia aushushe kwa sauti ambayo si ya kumpa mtu mzima.

Akaushusha. Nikamweleza kwamba ngurumo ni hodi. Ukimchapa mbwa mpaka aache kunguruma, hasira inabaki, siku nyingine atauma bila taarifa, na wajukuu wanacheza hapohapo uani. Akaingia ndani bila kujibu.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshapita mbwa alipotoka mwenyewe na kula kando ya kiatu changu. Sikumgusa. Nilipiga mluzi, nikamwekea kipande kingine, nikafunga kopo akiwa bado anataka. Mlinzi nikamwachia kazi ya kupiga mluzi huohuo kila anapomletea chakula.

"Ndiyo hiyo tu?" mzee akauliza dirishani. "Dar kuna jamaa anamaliza kwa wiki, mbwa anatoka mkali."

"Kwa leo ndiyo hiyo, mzee."

Nyumbani nilioga, udongo na maji, nikaswali, nikala wali na samaki, nikalala kidogo. Alasiri nilikwenda Sahare kwa jike mmoja mwerevu anayejifunza kusubiri geti likifunguliwa. Huyo hana shida, anafundishika kuliko mwenye mbwa.

Magharibi miguu haikuwa yangu. Ujumbe ukaingia kutoka Raskazone: mlinzi kapiga mluzi jioni, mbwa katoka mwenyewe, kesho uwahi, na uje na maini yako, hapa hatuna. Malipo hakuyagusia. Nikamjibu maini yamo kwenye bei, na bei ni ileile tuliyokubaliana, ambayo bado hajanipa.