Injini kutetemeka: dawa ya nozeli ilipofaa na isipofaa

Injini ilitetemeka gari likisimama, na ikisita ukikanyaga mafuta. Plagi, koili na chujio la hewa vilikaguliwa kwanza, vyote vizima; plagi iliyokufa haifufuliwi na dawa ya kwenye tangi. Zikabaki nozeli, yaani vifaa vinavyonyunyizia petroli kwenye injini, ambazo huziba kwa uchafu. Ilichaguliwa dawa yenye PEA (polyetheramine, kemikali ya kusafisha masizi), ikamiminwa kwa kipimo cha kwenye chupa tangi likiwa karibu tupu, ndipo petroli ikajazwa juu yake ili ichanganyike. Gari likaendeshwa barabara kuu mpaka tangi likakaribia kuisha, mtetemo ukatoweka. Kuzidisha dozi ni kupoteza hela.

Kwa injini inayonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, masizi ya valvu za kuingizia hewa hayaguswi na dawa hii, kwa kuwa petroli haipiti hapo. Hapo ni kufungua manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) na kusafisha valvu zenyewe.