Nilivyopata maneno ya Kiingereza kwa herufi sita tu

Tangu mwaka jana ninafundisha watoto tisa kusoma Kiingereza, uani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, kila Jumatano na Jumamosi alasiri. Shuleni wanasoma Kifaransa, nyumbani wanasema Kiswahili. Mzazi wa kwanza kuniletea mtoto ni dereva wa lori wa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako ng'ambo wanatumia Kiingereza. Aliniambia, "Mwalimu, mimi nikishavuka mpaka nageuka bubu. Huyu asiwe kama mimi." Maneno hayo yalinikaa moyoni.

Ninaanza na herufi sita: s, a, t, p, i, n. Sikuzibuni mimi. Hata mwongozo wa serikali ya Uingereza wa 2007 wa kufundisha kusoma ulianza na s, a, t, p, kisha i, n, m, d, kwa sababu herufi hizo chache zinazaa maneno mengi mafupi mapema, na mtoto anaonja kusoma kabla hajachoka. Shida ilikuwa kitabu changu. Kilikuwa na maneno machache mno, na kufikia somo la nne watoto walikuwa wameyakariri. Mmoja alinisomea ukurasa mzima macho yakiwa juu ya mwembe. Hapo nikajua hawasomi tena. Nilihitaji maneno ambayo hawajawahi kuyaona, tena mengi, na lisiwemo hata moja lenye herufi tusiyoifikia.

Nilianza kwa kichwa, nikakauka baada ya maneno ishirini hivi. Nikashika kamusi. Kamusi imepangwa kwa herufi ya mwanzo, na mimi swali langu lilihusu herufi zote mpaka ya mwisho, kwa hiyo ilinibidi kupitia ukurasa kwa ukurasa. Usiku mbili, kwa tochi maana ilikuwa zamu yetu ya delestaji, yaani mgao wa umeme, na bado nilikuwa kwenye herufi A.

Nikamwendea mpwa wangu, anayejua kompyuta. Nilimwambia anitafutie maneno yenye herufi hizo sita. Kesho yake akaniletea karatasi: "captains", "participants", "inspiration", "Pakistani". Mtoto wa miaka minane afanye nini na "participants"? Nilimlalamikia. Akanijibu kwa heshima, "Mjomba, ulisema yenye herufi hizi. Zote zimo, hesabu." Nikahesabu, zilikuwemo. Kosa lilikuwa kwenye swali langu. Neno lenye herufi hizi zote ni jambo moja, na neno lisilo na herufi yoyote nje ya hizi ni jambo jingine kabisa. Mimi nilitaka hilo la pili, na nilikuwa sijawahi kulitamka hata kwangu mwenyewe.

Nilipolisema sawasawa, kazi ilikwisha kwa mstari mmoja. Ana faili ya maneno ya Kiingereza, neno moja kila mstari, na kompyuta yake inatumia mfumo wa Linux, wenye amri iitwayo grep ya kutafuta mistari ndani ya faili. Aliandika hivi:

grep -x '[satpin]*' maneno.txt

Mabano ya mraba yanashika herufi zinazoruhusiwa. Nyota inaziacha zijirudie mara zozote, hata zisiwepo kabisa. Ile -x ndiyo mlinzi wa mlango: inadai mstari mzima ulingane, si kipande chake. Tulijaribu kuiondoa, faili nzima ikamwagika kwenye skrini. Tukairudisha, yakabaki ya kwetu tu: "snap", "spin", "spit", "pant", "tint", "satin", "insist".

Nilifurahi mno, nikayanakili yote bila kuyapepeta. Jumamosi nikaandika ubaoni "pain". Msichana mmoja akanyanyua mkono haraka: "Mwalimu, mkate!" Alikuwa sahihi kwa Kifaransa. Kwa Kiingereza ni maumivu, na hizo a na i zikikaa pamoja zina sauti ambayo nilikuwa sijaifundisha. Baadaye likaja "pint". Mvulana akalisoma taratibu, herufi kwa herufi, kama "tint" niliyomsifia dakika moja nyuma, na ikabidi nimwambie kwamba hili husomwa "paint" kwa sauti ya a-i ya Kiswahili. Aliniangalia kama mtu aliyeibiwa. Kompyuta inaona herufi, haisikii sauti. Tangu siku hiyo kila neno nalitamka mwenyewe kabla ya kuliandika ubaoni.

Kiswahili kinatusaidia katika hilo, halafu kinatuponza. Kwa mazoea ya Kifaransa, "pin" inapitia puani. Nikisema "isome n kama ya nina", wanaipata papo hapo, lakini wanaongeza irabu mwishoni: "pini". Kwa hiyo naunyoosha mkono wakati wanasoma, na kwenye herufi ya mwisho nafumba ngumi. Ngumi ikifumbwa, sauti inakatika hapo hapo. Imefanya kazi kuliko maelezo yangu yote.

Umeme ukikatika sina tena wasiwasi. Kila neno kwenye daftari nimeliandikia pembeni herufi zake kwa mpangilio wa alfabeti. "Spin" inakuwa i-n-p-s. "Pins" vilevile, na "snip", na "nips". Nikitaka zoezi la kuhamisha herufi, naangalia tu pembeni ni wapi pamefanana: a-p-t inanipa "tap", "pat" na "apt". Watoto wanapenda hili kuliko yote. Nimewakatia herufi za katoni, na wakishapanga neno moja hawakubali kuondoka mpaka wamepata ndugu zake.

Wiki hii tumeongeza m na d. Nilibadilisha mabano tu, yakawa [satpinmd], na yakaja "stamp", "stand", "damp", "timid", pamoja na "and" ambalo nilikuwa nalingojea kwa hamu, maana sasa naweza kuwaandikia sentensi. Limekuja pia "mind". Nimeliweka chini ya ukurasa, karibu na "pint", maana i yake nayo husomwa a-i.